Aliyeshika Nyundo Ndogo

Karakana, 4 Machi

Binti yangu,

Salamu utazipata kwa mama yako, mimi zimeniisha. Na usinipigie simu, sitapokea. Ninayotaka kukuambia nataka uyashike mkononi, uyasome ukiwa umekaa, na usinikatize kama kawaida yako.

Kitambaa kilichofunika picha yako ya sokoni kimeondolewa Jumamosi. Wewe ulikuwa umeshapanda basi siku mbili kabla, kukimbilia ukuta mwingine wa watu wengine. Kamati nzima ya soko ilikuwepo, na wauza nyanya, na mafundi cherehani, na kila mwenye miguu. Mwenyekiti akasema maneno mengi kuhusu sisi wahunzi, kwamba hakuna jembe wala panga mjini hapa ambalo halikupita mikononi mwetu. Nikavimba kichwa. Kitambaa kikashuka, watu wakapiga makofi, nami nikajiona ukutani, mrefu kuliko mlango wa benki, nimeinua nyundo kubwa juu ya kichwa. Na mdogo wangu, baba yako mdogo, kasimama mbele yangu kwenye fuawe, lile chuma la kufulia, koleo mkono wa kushoto, nyundo ndogo mkono wa kulia.

Umezaliwa nyumba ya mhunzi, umekula kwa chuma, na hujui ulichochora? Basi nikufundishe leo, ukubwani. Anayeshika koleo na nyundo ndogo ndiye fundi. Yeye anakigeuza chuma, anagonga pale panapotakiwa, na mwenye nyundo kubwa anapiga palepale alipoonyeshwa. Fundi akigonga fuawe tupu, mpigaji anasimama. Mpigaji hana lake, ni nguvu tu, kama punda. Umenichora punda mbele ya soko zima.

Wengi hawakuelewa, wakaniambia, "Mzee, umependeza." Lakini alikuwepo mwalimu mkuu wa chuo cha ufundi, na yule kakulia kwenye karakana. Wanatafuta mhunzi wa kuwafundisha vijana wao. Ilikuwa kazi yangu, binti yangu. Mwezi mzima wananiambia, "Fundi Mkuu, jiandae." Sasa akasimama chini ya picha yako, akatazama, akatikisa kichwa, akanipita mimi, akaenda kumpa mkono mdogo wangu: "Kumbe fundi ni wewe." Halafu akanigeukia: "Na wewe mzee, pole kwa kazi."

Pole kwa kazi! Miaka thelathini na moja watu wananiita Fundi Mkuu, leo napewa pole kama mbeba mizigo!

Na mdogo wangu? Kasimama pale kama gunia la makaa.

Chuo kinaamua mwisho wa mwezi ujao. Kabla ya hapo urudi na ndoo zako ubadilishe: nyundo ndogo mkononi mwangu, kubwa kwake. Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa nasikia wakisema. Sikujua watakuwa wanamsema mwanangu.

Baba yako,
Fundi Mkuu


Kiwanda cha sabuni, 11 Machi

Shikamoo baba,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa, kama ulivyoamuru. Nimekaa juu ya ndoo ya rangi, maana hapa kiti hawajanipa.

Nisamehe. Naapa sikujua. Wewe mwenyewe ulinilea nje ya mlango ule: "Msichana, toka hapo, utaungua." Basi nilikaa pembeni juu ya gunia la makaa, nikatazama. Nilimwona baba yangu akiinua lile linyundo ambalo wanaume wengine walilibeba kwa kutweta, akalipandisha juu kama ufagio. Nilidhani hiyo ndiyo heshima yenyewe. Kwa macho ya mtoto, mwenye kitu kikubwa ndiye mkubwa. Mabega yako peke yake yalinichukua siku tatu, baba. Nilikuwa najivuna juu ya ngazi.

Nitarudi. Nikimaliza huu ukuta wa sabuni nitakuja kubadilisha, na ukipenda nitakuongezea na kofia.

Ila kuna jambo linanisumbua, na naomba usikasirike zaidi. Sikuwa na picha ya kuiga, nilichora kwa kukumbuka tu. Na nikifumba macho nasikia ti, pa. Ti, pa. Ti ya baba mdogo, pa yako. Kila siku niliyokaa kwenye lile gunia ilikuwa hivyo. Au mlikuwa mnabadilishana nikiwa shuleni?

Mwanao,
Rangirangi, kama unavyoniita


Karakana, 17 Machi

Binti,

Sikukuuliza unakumbuka nini. Nilikwambia ubadilishe. Tangu lini mtoto akawa shahidi dhidi ya baba yake?

Na kwa kuwa unapenda kujua mambo: niliungua mkono wa kushoto, koleo likanishinda kulishika, ndipo mdogo wangu akanishikia kwa muda. Kwa muda tu. Wewe ulikuwa mtoto mdogo, kamasi puani, unajua nini?

Tena ujue ulivyotuharibia. Mdogo wangu nimemwambia asikanyage hapa mpaka picha ibadilike. Nafanya kazi peke yangu, na naiweza. Juzi nilimfulia shoka mpasua kuni mmoja, likavunjika siku ya kwanza kama biskuti. Chuma cha siku hizi kibovu, wanachanganya na takataka. Jana panga likapinda. Makaa nayo yana maji. Mama yako ananiambia nimwite mdogo wangu, nikamwambia atazame mambo yake. Hatujasemeshana tangu jana. Majembe kumi na mawili yamejipanga mlangoni, na wenyewe wamekaa kwenye benchi wananitazama kama watu waliofiwa.

Yote hayo ni kazi ya picha yako. Nilikwambia zamani kwamba rangi hazimlishi mtu. Nilipoyatia motoni yale makopo yako ulilia wiki nzima. Ningetia na brashi.

Sitaki barua nyingine. Nataka nione miguu yako hapa.

Fundi Mkuu


Kiwanda cha sabuni, 23 Machi

Shikamoo baba mdogo,

Wewe kuandika huandiki, na simu ukipokea unasema "ehe, ehe" mpaka salio linakwisha. Kwa hiyo nakuuliza kwa maandishi, na ninachotaka ni jibu la mstari mmoja tu.

Baba anasema ulimshikia koleo kwa muda alipoungua mkono. Mimi nilikaa kwenye lile gunia tangu nina miaka minne mpaka naondoka nyumbani nina kumi na tisa. Sikumwona na koleo hata siku moja. Ni kidonda gani hicho cha miaka kumi na mitano? Na mkono wake wa kushoto naujua, nimeuchora kidole kwa kidole. Hauna kovu.

Nani fundi?

Nakuuliza kwa sababu tiketi nimeshakata. Nikija nitabadilisha nyundo kama alivyotaka, ni baba yangu, nitafanya. Lakini kama nitakuwa nadanganya, nataka nijue kwamba nadanganya.

Mwanao


Nyumbani, 28 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mstari wako ndio huu: mimi.

Karatasi imebaki, basi niijaze.

Mikono ya baba yako haina kosa. Kosa ni la macho. Chuma kikiwa motoni kinabadilika rangi, na fundi lazima akisome. Kikiwa chekundu kama damu, bado. Kikiwa chekundu cha nyanya, subiri. Kikifika rangi ya chungwa lililoiva, toa upige, na kikiwa cha manjano umeshaanza kuchelewa. Baba yako haoni tofauti. Kwake vyote ni moto. Hata nyanya mbivu anaijua kwa kuiminya. Shoka lililopigwa likiwa halijaiva, au lililopitiliza, linavunjika, hata ungekuwa na nguvu za tembo.

Babu yako aligundua tukiwa vijana. Akatukalisha, akasema nyundo ndogo aishike mdogo, lakini jina libaki kwa mkubwa, maana nyumba haiwezi kusimama miguu juu. Ndani ya mlango kila mtu afanye anachoweza. Nje ya mlango, fundi ni kaka. Nikasema sawa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nilidhani ni kwa muda.

Usifikiri sina hasira. Ninazo. Mteja akinipita kwenda kumshukuru kaka kwa panga nililolifua mimi, huwa naugeukia mvukuto, nauvuta mpaka cheche zinafika darini. Kaka anajua. Hatujawahi kuliongea. Siku ile kitambaa kiliposhuka, niliiona nyundo yangu mkononi mwangu mbele ya watu. Sikunyamaza kwa ubaya. Ningefungua mdomo ningelia mbele ya wauza nyanya.

Lakini badilisha, mwanangu. Kaka akivunjika mimi nitafanya kazi na nani? Hakuna mpigaji kama yeye. Nikimwonyesha mahali pa ukubwa wa kichwa cha msumari, nyundo yake inatua hapohapo, na uzito wote ule. Yeye anaona ni kazi ya punda. Mimi nimejaribu, siwezi.

Chuo wameniuliza kama naitaka ile kazi, sijawajibu.

Baba yako mdogo


Kiwanda cha sabuni, 3 Aprili

Baba,

Shikamoo itakuja baadaye, nikitulia.

Tiketi nimeirudisha. Sibadilishi kitu.

Baba mdogo ameniambia, na ameniambia kwa sababu nilimbana, kwa hiyo ukitaka kugomba, gomba na mimi. Na unajua alichoniomba baada ya kuniambia? Nibadilishe picha! Yeye! Miaka thelathini na moja umekula jina lake, na bado anaogopa usije ukavimbiwa.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wewe umemnyonga vya kutosha, ukamnyima na haki, na sasa umemfukuza na kazini. Shoka halikuvunjika kwa ubovu wa chuma. Wewe unajua, mimi najua, na mpasua kuni anajua.

Na mimi je? Nilipokuwa na miaka kumi na miwili nilikuletea picha yangu ya kwanza, kuku wetu na vifaranga vyake. Ukaitupia jicho, ukasema, "Rangi rangi tu hizi." Nikapata makopo, ukayatia motoni. Miaka yote nimeishi nikijua baba yangu anaidharau kazi yangu, nikipanda kila ngazi na dharau hiyo mgongoni, kumbe ulikuwa huioni! Ungeniambia, baba. "Mwanangu, sioni." Maneno mawili. Ningekaa nawe nikakuonyesha, hii nyekundu, hii kijani, mpaka uchoke. Ukaona bora mimi niwe mjinga na ndugu yako awe kivuli, ili wewe uitwe Mkuu na watu wanaonunua majembe.

Nina hasira mpaka kazi hainiendi. Jana sabuni za watu pale ukutani nimezipaka rangi nyeusi, meneja akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo.

Ile picha sasa ni mali ya soko. Ukitaka ibadilike, chukua nyundo uivunje mwenyewe. Ile kubwa. Ile unaijua.

Rangirangi


Karakana, 12 Aprili

Binti yangu,

Nilifanya ulivyosema.

Usidhani nilifanya kwa utii. Barua yako niliisoma mara moja, nikaitia motoni, nikaweka nyundo kubwa begani, nikatoka. Ilikuwa siku ya soko, saa nne asubuhi, watu wamejaa. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawa yanavuma. Hasira na wewe, na mdogo wangu, na babu yako huko kaburini, Mungu amrehemu. Mwenyekiti akajaribu kunishika mkono, nikamwambia asogee kabla sijambandika ukutani pamoja na sisi. Akasogea.

Nikasimama mbele ya picha, nikainua nyundo. Nyuma yangu nikasikia, "Kaka, hapo utaangusha ukuta wote. Pana nguzo." Alikuwa mdogo wangu. Tangu nimfukuze alikuwa anafunga bawaba kwenye vibanda vya soko, na nyundo yake ndogo anayo mkononi. Sikumgeukia. Akaja akasimama upande wangu wa kushoto, pale pake pa siku zote. Nilidhani anakuja kunizuia, nikajiandaa kumsukuma. Hakunizuia. Alinyoosha mkono akagonga ukuta, ti, juu ya mkono wake mwenyewe uliouchora wewe, palepale penye nyundo ndogo.

Nikapiga.

Akagonga tena, upana wa kidole pembeni. Nikapiga. Akagonga mara ya tatu, nikapiga, na lipu ikadondoka kipande kizima. Ufa haukwenda popote. Kisha akagonga chuma cha nguzo ya taa, mara mbili, patupu, kama anavyogonga fuawe tupu. Na mkono wangu ukasimama. Hewani, binti yangu, na nyundo yote ile. Mimi sikuuambia usimame.

Hapo ndipo nikaona kwamba hakuna anayeuza wala anayenunua. Wauza nyanya, mafundi cherehani, wale wenye majembe yao kumi na mawili, wote wanatutazama. Picha walikuwa wameiona mwezi mzima na hawakuielewa. Mama mmoja mwuza nyanya akasema polepole, lakini nilimsikia, "Kumbe." Neno moja tu. Miaka thelathini na moja nimeilinda siri ile, na imeondoka na neno la mwuza nyanya.

Nikamgeukia mdogo wangu nimtukane. Machozi yanamtoka, kijinyundo kinaning'inia mkononi. Nikamwambia, "Umeniaibisha." Akasema, "Kaka, aliyekuja na nyundo ni wewe." Nikamwambia twende, majembe ya watu yanasubiri. Tukaenda. Mama yako alitia makaa yeye mwenyewe. Kesho yake kabla ya adhuhuri majembe yote yalikuwa yametoka, na wenyewe walipokuja kuyachukua walimshukuru mdogo wangu. Inauma. Inauma kuliko kuungua, ingawa ule mkono wangu wa kushoto haukuungua kamwe, lile nalo lifute.

Chuo kimemwita. Mwalimu mkuu anasema fundi haendi bila mpigaji wake, eti vijana wajifunze na upande ule, eti nao ni ufundi. Nimemwambia nitafikiri. Bado nafikiri.

Na usidhani hasira zimeniisha. Mtoto hamwandikii baba yake namna ile, hata kama ni kweli. Hasa kama ni kweli. Nina maneno na wewe na utayasikia ukifika. Lakini yale makopo sikuyachoma kwa dharau. Siku ile uliniletea mawili, moja kila mkono, ukaniuliza mlango wetu tuupake lipi. Mama yako amesimama, baba yako mdogo amesimama, na wewe unasubiri na macho yako yale. Yote mawili niliyaona sawa. Nilimwogopa mtoto wa miaka kumi na miwili, ndiyo hivyo, nikakasirika kwa sababu kukasirika nakuweza.

Sasa pale ukutani pana shimo. Mdogo wangu ameshika koleo tu, na mkono wake wa kulia umeishia kwenye kifundo, watoto wanaingiza vidole. Njoo na lipu na rangi zako, urudishe nyundo ndogo mkononi mwake, ilipokuwa. Mimi usiniguse, niache na kubwa yangu. Ila ukifika, kabla hujapanda ngazi, simama na mimi pale chini uniambie ile picha ina rangi gani, moja moja, usiruke hata moja. Watu wananiambia shati ulilonivalisha ni zuri. Mimi silijui.

Baba yako,
mpiga nyundo kubwa